Muhuri Wenye Pengo

Jackie Kigen alikataa kiti. Alikuwa ameendesha gari kutoka Houston mpaka Garland bila kusimama hata kunywa maji, akapanda ngazi za ofisi ya Bertila, akalitupa faili mezani kama mtu anayerudisha dukani nguo iliyotoboka.

"Dada Bertila, ulikuja kwa mazishi ya bwana yangu," alisema. "Ukanishika mkono. Ukamwambia Rosalia atakuwa sawa. Kumbe ulikuwa unanipangia hii?"

Bertila Kalinga, mwanamke wa Iringa mwenye miwani mikubwa na subira ndogo, alikuwa amezoea wateja wenye hasira. Upelelezi wake haukuwa wa bastola wala wa kukimbizana na magari. Watu walimlipa awatafutie marehemu: nani alizaliwa na nani, nani alimuoa nani, na kwa nini kaburi lina jina ambalo hakuna anayelikumbuka. Kiitaliano alijifunza utotoni kwa masista wa misheni, na miaka aliyofanya kazi kwenye masijala ya parokia kule nyumbani ilimfundisha kusoma mwandiko ambao Waitaliano wenyewe wa leo wanaukimbia. Nusu ya Wasisilia wa Texas walikuwa wamepita mikononi mwake. Mawakili wa Dallas na wa Houston walikuwa na desturi moja: karatasi ikishakuwa na muhuri wa Bertila, hakuna aliyehangaika kuuliza tena.

Alifungua faili. Ndani mlikuwa na nakala ya ukurasa mmoja kutoka kitabu cha ndoa cha mji mdogo wa Sisilia, mwaka 1901, na nyuma yake tafsiri fupi ya Kiingereza. Tafsiri ilisema kwamba Salvatore Taormina, mkulima, mzaliwa wa mji huo, alimuoa Concetta Bruno mbele ya meya na mashahidi. Chini palikuwa na muhuri wa mviringo wenye jina la Bertila.

Bertila aliisoma mara ya pili. Hakuwa ameandika tafsiri ile.

"Nani amekupa hii?"

"Lawyer wa Sheldon. Yule cousin wa Vincent. Ati ndiyo evidence yao."

"Nieleze taratibu, kama vile sijui kitu."

"Si unajua kila kitu? Si wewe umeandika?"

"Mama Rosalia, nieleze."

Jackie akaeleza, bado amesimama, ufunguo wa gari umekazwa mkononi. Ile nyumba ya mbao anayoishi Houston ilinunuliwa na mzee Giuseppe Taormina, aliyehamia kutoka Sisilia na wanawe wawili, Salvatore na Pietro. Kabla ya kufa mzee aliandikisha kwamba nyumba isiuzwe kamwe. Iende kwa uzao wa Salvatore, mwanawe mkubwa, ilimradi wawe watoto wa ndoa halali. Uzao huo ukikatika, iende kwa wa Pietro. Vincent, marehemu mume wa Jackie, alikuwa kitukuu wa Salvatore. Sasa uzao wote wa Salvatore ulikuwa mtoto mmoja tu, Rosalia, msichana wa darasa la nne anayelala katika chumba alicholala baba yake akiwa mdogo. Sheldon alikuwa wa upande wa Pietro.

"Wanasema Salvatore aliacha bibi Sicily, akakuja Houston akajifanya bachelor," Jackie alisema. "So ile harusi ya Houston ni bure. So babu ya Vincent alizaliwa nje ya ndoa, na kila mtu after him hana haki. Friday judge anaamua. Na Rosalia ameniuliza jana, 'Mom, was Daddy's family a lie?' Nimjibu nini, dada? Nimwambie Auntie Bertila ndiye amesema?"

Bertila hakumbembeleza, alijua kwamba pole kutoka kwa mtu unayemshuku haina ladha. Alifungua droo, akatoa muhuri wake, akaugonga kwenye karatasi nyeupe, akaiweka kando ya tafsiri.

"Angalia pembeni, karibu na nyota."

Jackie aliinama. Muhuri wa kwenye karatasi nyeupe ulikuwa duara kamili. Ule wa kwenye tafsiri ulikuwa umemegeka ukingoni, pengo dogo kama jino lililong'oka.

"Huo wenye pengo ni muhuri wangu wa zamani," Bertila alisema. "Uliniponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji mwaka jana. Nikaagiza mpya. Wa zamani ulipaswa kuwa jalalani."

"Maybe walitoa kwa report yako ya kitambo. Wakascan."

Wazo halikuwa baya, na Bertila angependa sana liwe kweli. Alilowesha ncha ya kidole, akaipitisha kwenye ukingo wa muhuri. Wino ukafuata kidole, wa bluu. Akageuza karatasi, alama ilikuwa imepenya hadi nyuma. Mashine haifanyi hivyo. Mtu alikuwa ameushika muhuri wenyewe kwa mkono wake.

"Basi keti," Bertila alisema. "Tuusome huu ukurasa. Muhuri ni wangu, kazi si yangu. Nataka kujua aliyeifanya alikosea au alikusudia."

Safari hii Jackie aliketi.

Mwandiko wa makarani wa kale hausomwi kama gazeti. Anayeanza na jina analolitafuta ataliona hata pale ambapo halipo, kama mwenye njaa anavyosikia harufu ya ubwabwa. Bertila alianza na yale yasiyobishaniwa. Kila ndoa ya kule hufunguliwa kwa maneno yale yale: mwaka, mwezi, siku, saa, nyumba ya halmashauri, jina la meya. Huko ndiko unakomjua karani. Huyu alikuwa na haraka na kalamu mbaya. Herufi zake za *n* na *u* zilikuwa pacha. Lakini *v* yake ilikuwa na madaha ya peke yake: ilianza na kijikono kilichokunjwa kushoto, ikamalizikia juu kwa kinundu. Bertila aliiona ndani ya "novecento", yaani mia tisa, akaiona tena ndani ya jina la mwezi wa Novemba, akaichora pembeni kwenye daftari lake. Sasa alikuwa na kitu cha kupimia.

Ndipo akashuka kwa bwana harusi. Salvatore Taormina. Umri. Mkulima. Mzaliwa wa hapa, mkazi wa hapa. Mwana wa.

Kidole chake kilisimama.

"Una cheti cha kifo cha Salvatore wa Houston?"

"Niko nacho kwa simu." Jackie alitafuta, akasoma. "Baba yake, Giuseppe Taormina. Yule mzee wa nyumba."

"Soma hapa, basi."

"Dada, mimi ni nurse. Nimezoea mwandiko wa madaktari lakini hii ni mashetani."

"Hesabu urefu wa jina tu. Giuseppe ni jina refu. Hili ni refu?"

"Hapana. Ni kafupi."

"Na linaanzaje?"

Jackie alitazama ukurasa, akatazama mchoro wa daftarini, akatazama tena ukurasa. "Kale kamkono. Ni *v*."

"Vito. Salvatore Taormina, mwana wa Vito. Jina la mama yake nalo linafuata, na tafsiri haina hata mmoja wao." Bertila aliteremka hadi mwisho wa ukurasa. "Na hapa karani anasema anatia sahihi yeye na mashahidi peke yao, kwa kuwa maharusi wamesema hawajui kuandika. Salvatore wako aliandika?"

"Mwandiko kama wa padri. Kwa marriage licence ya Houston ameweka mikia kila mahali."

"Hilo nisingelisimamia mahakamani peke yake. Mtu anaweza kujifunza kuandika ukubwani. Lakini baba huwa habadiliki."

Jackie alijishika mdomo. "So walikuwa Salvatore wawili?"

"Mtu na binamu yake. Kule, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Babu akiwa Salvatore, na wanawe wakiwa Giuseppe na Vito, kila mmoja atamzaa Salvatore wake. Wote Taormina, rika moja, mji mmoja. Mmoja akapanda meli. Mwingine akabaki akamuoa Concetta."

"Kumbe ni kama Wakikuyu!" Jackie alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, kicheko chenye machozi. "Si hivyo ndivyo wanafanya?"

Bertila hakucheka. Maneno yale yale alikuwa ameshawahi kuambiwa katika chumba kile kile, kwenye kiti kile kile, na mtu mwingine.

Akashusha taa ya mezani karibu na ukurasa. Pembeni mwa mistari, upande wa kushoto, palikuwa na vinukta. Mtu asiyejua angedhani ni uchafu wa mashine ya kunakili. Bertila alijua. Macho huruka mistari katika miandiko ya namna hii, kwa hiyo yeye, tangu enzi za parokia, huweka nukta ya penseli kila anapomaliza mstari. Hakuwahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo, isipokuwa mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Mstari wa Vito ulikuwa na nukta. Mistari ya mwisho, ya maharusi wasiojua kuandika, nayo ilikuwa na nukta. Aliyetafsiri alisoma kila neno, kisha akachagua.

"Unamjua mtu alifanya hii," Jackie alisema. Halikuwa swali.

"Nenda nyumbani kwa mtoto. Kesho nitakuwa Houston."

* * *

Fiona Nyambura alifika ofisini kwa Bertila akiwa mwanafunzi, mtoto wa Nyeri mwenye begi mgongoni na maswali yasiyokwisha. Alikuja kutafuta kazi ya kujibu simu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akisoma mwandiko wa makarani wa Palermo huku anatafuna njugu. Bertila hakujaliwa mtoto wala mdogo wa kike, na yote mawili akayaweka kwa Fiona. Alimpikia ugali na kisamvu. Alimfundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa maegesho wa Mesquite, Jumapili, maduka yakiwa bado yamefungwa. Fiona alipofunga ndoa na Lenny, Bertila ndiye aliyesimama kando yake kanisani kama msimamizi. Mwaka jana wakahamia Stafford, kando ya Houston, kuifuata kazi ya Lenny. Siku ya kufungasha, Bertila alimkabidhi mfuko wa takataka za ofisini na kumwambia, "Huo muhuri uliovunjika tupa nao, mdogo wangu."

Barabara ya 45, ya kutoka Dallas kwenda Houston, ilimpa nafasi ya kutosha ya kumtetea. Kufika Corsicana alikuwa ameamua kwamba mtu aliuokota muhuri jalalani. Kufika Madisonville, kwamba Fiona alitishwa. Sanamu kubwa jeupe la kando ya barabara pale Huntsville lilipomchungulia juu ya miti, hoja zote zilikuwa zimemwishia, na moyo ulikuwa unamuuma kama kidonda kilichomwagiwa ndimu.

Anwani aliyopewa na Lenny kwa simu, bila Lenny kushuku lolote, haikuwa ya nyumba. Ilikuwa ofisi ndogo baina ya daktari wa meno na duka la sare za manesi. Kwenye kioo cha mlango palikuwa na maandishi mapya ya dhahabu: jina la Fiona, na chini yake, Historia za Familia, kwa Kiingereza cha fahari.

"Dada Bertila!" Fiona aliinuka, akamkumbatia. "Na hukuniambia! Ngoja nikuwekee chai. Ya maziwa, na tangawizi, vile unapenda."

"Sitakunywa."

Fiona alikuwa ameshashika kikombe. Alikirudisha polepole. Kati ya watu wao, mgeni anayekataa chai kabla hajaketi ameshasema nusu ya alichokuja kusema.

Bertila alitandaza ukurasa wa Sisilia mezani. "Nisomee."

"Hii ni ya Taormina." Fiona hakuutazama kwa muda mrefu. "Nilimfanyia Sheldon. Alikuwa na haraka, nikampea summary. Kuna shida?"

"Kwa muhuri wangu."

"Nilikuwa nikuambie. Courts za huku hawanijui bado. Nilijua ukiangalia utasema ni sawa, so nikaona..." Alinyoosha ukingo wa karatasi. "Ni sawa, si ndiyo? Salvatore Taormina, mji ule ule, umri ule ule. Ni yeye."

"Baba yake nani?"

"Baba?"

"Umeweka nukta, Fiona. Kwenye mstari wa baba umeweka nukta."

Fiona alitazama vile vinukta kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. "Pengine nilisoma haraka. Nilifikiria ni mtu mmoja. Dada, how was I to know walikuwa wawili? Mtu yeyote anaweza kukosea hapo."

"Mtu yeyote," Bertila alikubali. "Mimi mwenyewe nilikosea. Ile kesi ya kwanza tuliyofanya wote, unaikumbuka? Nilikuwa nimeshamuunganisha mzee wa watu na mke asiye wake, tena nimeshaandika ripoti. Nani alinizuia?"

Fiona alikisogeza kikombe pembeni.

"Ulicheka mpaka ukamwaga njugu. Ukaniambia, 'Dada, hawa ni kama Wakikuyu. Kwetu tuko Nyambura wanne, wote tumepewa jina la cucu mmoja, nyanya yetu. Ukitaka kujua ni yupi, uliza baba yake.' Tangu siku hiyo, kila ukurasa naanzia kwa baba, kwa sababu yako. Mtu mwingine ningemsamehe kosa hili. Wewe huwezi kulikosea hata ukiwa usingizini. Wewe ni Nyambura wa nani?"

"Dada, tafadhali."

"Wa nani?"

"Wa Absalom," Fiona alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nje gari la takataka lilipita, likapiga honi, likaenda. Fiona alipoinua uso, machozi yalikuwepo, lakini hayakuwa peke yake; hasira ilikuwepo pia.

"Unajua nimesoma records ngapi kwa hiyo ofisi yako? Usiku na mchana. Palermo, Corleone, zile za Calabria zenye zimeliwa na panya. Zote zikatoka na jina lako. Hata siku moja hukuandika 'na Fiona'. Sheldon alikuja akaniambia, huyu msichana ndiye anajua kazi. Akanipatia hii place. Umeona mlango? Umeona jina?"

"Nimeliona. Ni zuri." Bertila alimaanisha. "Na siku ulipotaka kudanganya, Fiona, ulichukua jina la nani?"

Fiona alifungua droo ya chini, akauweka muhuri mezani. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kisafi, kama kitu kinachotunzwa.

"Nina interview ya citizenship next month," alisema. "Ukienda mbele ya judge useme nili-forge, nimeisha. Lenny ataisha na mimi. Sema ni makosa tu. Sema sisi wote wawili tulikosea, halafu utoe translation mpya. Mtoto abaki na nyumba yake. Hakuna mtu anaumia."

Bertila alikuwa amelifikiria hilo tangu Garland. Hakuhitaji kufundishwa huruma. "Wakili wa Sheldon ataniuliza: jana ulisoma hivi, leo unasoma vile, tukuamini lini? Na atakuwa na haki. Tafsiri mpya itakuwa na thamani ile ile ya hii ya zamani. Hakimu ataamini niliyosoma leo endapo tu atajua hii hapa sikuisoma mimi. Hakuna njia ya katikati inayomwachia Rosalia chumba chake. Nimeitafuta njia nzima."

"Mimi ni mdogo wako."

"Ulikuwa."

Neno lilimchoma Bertila mwenyewe kabla halijafika upande wa pili wa meza. Alichukua muhuri na kitambaa chake. Alipotoka, jua la Stafford lilikuwa linachoma lami, na alikaa ndani ya gari akalia kwa sauti, bila aibu, huku kiyoyozi kikimpulizia hewa ya moto usoni.

* * *

Wakili wa Jackie alikuwa na ofisi katikati ya jiji la Houston, na karani wake wa viapo alikuwa kijana mpole aliyeandika kila kitu taratibu. Jackie aliketi ukutani na Rosalia, aliyekuwa akichora nyumba kwenye bahasha. Mtoto aliinua macho Bertila alipoingia, akamwangalia jinsi watoto wanavyomwangalia mtu waliyesikia akitajwa kwa hasira.

"Babu yako wa zamani alimuoa bibi yako tu," Bertila alimwambia. "Yule mwingine alikuwa binamu yake, waliitwa jina moja."

"So Daddy's family wasn't a lie?"

"Hapana. Uongo ulikuwa kwingine, si kwa familia yako."

Rosalia akarudi kwenye mchoro wake, akaongeza bomba la moshi. Jackie aliinama akaficha uso katika nywele za mwanawe.

Karani wa viapo alianza. Jina, kazi, anwani. Bertila aliuweka muhuri wenye pengo mezani, akamtaja Fiona, akamweleza nukta, akamweleza Vito na Giuseppe, na mstari wa mwisho wa maharusi wasiojua kuandika. Kijana aliandika, akasoma alichoandika, akarekebisha neno moja.

"Na huyu Fiona Nyambura," aliuliza kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, "unamfahamu vipi?"

Bertila alijaribu kusema kwamba alikuwa mfanyakazi wake. Ilikuwa kweli, na ingetosha. Lakini alikuwa ameapa kusema yote, na maisha yake yote alikuwa amewasema vibaya makarani wanaoacha mstari.

"Nilimsimamia ndoa yake," alisema. "Ukitafuta cheti chao utanikuta, mahali pa shahidi."

Kijana akayaandika hayo pia, akageuza karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Bertila akachukua kalamu, akaweka sahihi ile ile aliyoiweka kwenye cheti cha ndoa ya Fiona.